MADA YA 6: MOTISHA NA KUDUMU KATIKA MAZOEZI

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya motisha na kuitofautisha na hamu;
(b) kutofautisha msukumo wa nje na msukumo wa ndani;
(c) kueleza kwa nini zawadi na adhabu zinaweza kumfanya mtu aache mazoezi;
(d) kutumia mifano ya wanariadha wa Tanzania katika kujibu maswali;
(e) kupanga mazoezi utakayoendelea nayo baada ya kumaliza kidato cha nne.

6.1 Utangulizi

Ukisoma shule ya msingi Tanzania, mchakamchaka unaujua. Asubuhi wanafunzi hupanga mistari, mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na vumbi hutimka. Hapa Ringwani, wilaya ya Serengeti, utawasikia kabla hujawaona. Mtoto wa darasa la nne hukimbia huku anaimba, na akifika shuleni bado ana pumzi ya kucheza.

Sasa jiulize swali moja. Mtoto huyu amekimbia mchakamchaka kwa miaka mingi. Siku anamaliza shule, asubuhi ya kwanza isiyo na kengele, je, atakimbia? Wengi hawakimbii. Miguu ni ileile na barabara ni ileile. Kilichoondoka ni kengele na mwalimu wa zamu.

Jambo hilohilo hutokea sekondari. Karibu na mashindano ya UMISSETA uwanja hujaa jioni. Timu ikishatolewa, au mashindano yakiisha, uwanja hurudi kuwa malisho ya mbuzi. Mada hii inajibu swali hili: kwa nini mtu huacha mazoezi, na afanye nini ili asiache? Lisome kama swali la mtihani, lakini lisome pia kama swali lako, kwa sababu Novemba ya kidato cha nne ikipita hakuna atakayekupigia kengele tena.

6.2 Maana ya motisha

Motisha ni nguvu inayomfanya mtu aanze jambo, aweke bidii katika jambo hilo, na aendelee nalo hata linapokuwa gumu. Maana hii ina sehemu tatu: kuanza, kuweka bidii na kudumu.

Angalizo: Wanafunzi wengi hutaja sehemu ya kwanza tu. Wanaandika kwamba motisha ni "kinachomfanya mtu aanze". Jibu hilo ni nusu. Kuanza ni rahisi. Kila Januari watu wengi huanza. Sehemu ngumu ni ya tatu.

Usichanganye motisha na hamu. Hamu ni hisia ya muda: inakuja ukisikiliza mpira redioni, inaondoka mvua ikinyesha. Motisha ni sababu, na sababu inaweza kubaki hata siku ambayo hamu haipo. Anayesubiri hamu ndipo akimbie atakimbia mara chache sana. Mara nyingi mambo huenda kinyume: mtu huanza bila hamu, akishapasha mwili moto kwa dakika kumi hamu humfuata njiani.

6.3 Aina za msukumo

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, walieleza kwamba msukumo wa mtu hauko wa nje au wa ndani tu. Kuna ngazi. Tuchukue wanafunzi wanne wanaokimbia pamoja jioni moja, kila mmoja kwa sababu yake.

(i) Mwanafunzi A anakimbia kwa sababu mwalimu ameshika fimbo, au kwa sababu washindi wameahidiwa daftari. Huu ni msukumo wa nje kabisa. Fimbo ikiondoka au daftari zikiisha, A anakaa chini.

(ii) Mwanafunzi B anakimbia kwa sababu ataona aibu wenzake wakimwita mvivu. Fimbo sasa ameibeba mwenyewe moyoni. Anaweza kudumu kidogo kuliko A, lakini anakimbia kwa mashaka, na siku akishindwa hujichukia na kuacha.

(iii) Mwanafunzi C hapendi sana kukimbia, ila ameona kwamba akifanya mazoezi analala vizuri na kusoma bila kusinzia. Ameikubali sababu, imekuwa yake.

(iv) Mwanafunzi D anakimbia kwa sababu kukimbia kunamfurahisha. Huu ndio msukumo wa ndani.

Ukiwaangalia wanne hawa uwanjani huwezi kuwatofautisha. Rudi baada ya miezi sita. Anayetarajiwa kukutwa bado anakimbia ni C na D.

Zingatia: huhitaji kuwa D ili udumu. Watu wengi wazima wanaofanya mazoezi kwa miaka mingi ni C. Hili liwafariji wasiopenda mbio.

6.4 Athari za zawadi na adhabu

Mwaka 1973, watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa chekechea huko Marekani. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti iwapo wangechora. Makundi mengine hayakuahidiwa kitu. Baada ya muda watafiti walirudi na kuangalia watoto walivyotumia muda wao huru. Wale walioahidiwa cheti sasa walichora kwa takriban nusu ya muda ambao wenzao walitumia. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakifanywi.

Hii haina maana kwamba zawadi zote ni mbaya. Zawadi inaweza kumsaidia ambaye hajawahi kujaribu kabisa, na pongezi ya kweli kwa juhudi haidhuru. Tatizo ni pale zawadi inapochukua nafasi ya sababu.

Adhabu ina madhara makubwa zaidi. Katika shule nyingi mchelewaji huambiwa azunguke uwanja mara tano. Nami niliwahi kulifanya kosa hili. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akikaa mbali na shule na alichelewa mara kwa mara. Kila akichelewa nilimzungusha uwanja, naye alizunguka kwa mwendo mzuri kuliko mwanariadha yeyote wa shule. Nilipotafuta wa kuingia timu ya mbio ndefu nilimwita yeye kwanza. Akanijibu kwa heshima: "Mwalimu, leo sijachelewa." Kwake kukimbia kulikuwa jina jingine la kosa. Hakuingia timu, na sikuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo sijamwadhibu mwanafunzi kwa mbio.

Kama nawe ulifundishwa hivyo, elewa kwamba chuki yako ya mbio inaweza isiwe chuki ya mbio. Huenda ni chuki ya adhabu. Jaribu tena bila ya adhabu kabla hujaamua.

6.5 Mifano ya wanariadha wa Tanzania

Mifano ifuatayo itakusaidia katika maswali ya insha. Usiitaje tu, eleza inathibitisha nini.

(a) John Stephen Akhwari. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, Akhwari alianguka na kuumia goti. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza.

Inathibitisha nini? Kutumwa na nchi ni sababu ya nje. Hata hivyo hakuna ofisa aliyekuwa akimsukuma barabarani. Wajibu ule alikuwa ameufanya wake, kama mwanafunzi C. Mwaka 1970 alirudi mashindanoni na kushika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh.

Angalizo: usiige kukimbia na jeraha. Mfano huu unahusu sababu, si tiba. Ukiumia, pumzika na uende zahanati.

(b) Filbert Bayi. Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo na kumshinda John Walker wa New Zealand. Dunia ilisubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker alichukua medali ya dhahabu bila Bayi kuwepo. Kama sababu ya Bayi ingekuwa medali ile tu, hapo ndipo safari yake ingeishia. Lakini mwaka 1980 huko Moscow alikuwepo, safari hii katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha.

Inathibitisha nini? Lengo linaweza kuondolewa na mambo yasiyo mikononi mwako. Mwenye sababu kubwa kuliko lengo moja hubadili lengo na kuendelea.

(c) Suleiman Nyambui. Huyu ni wa mkoa wetu wa Mara, mzaliwa wa Majita, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Huko Moscow mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali yake na ya Bayi ndizo pekee Tanzania ilizopata hadi Olimpiki ya Paris ya 2024. Nyambui hakukomea hapo. Alihamia marathoni, na akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena mwaka 1988.

Inathibitisha nini? Kudumu hakumaanishi kufanya kitu kilekile maisha yote. Mwili unabadilika, mazingira yanabadilika, nawe unabadili aina ya zoezi bila kuacha mazoezi.

6.6 Mahitaji matatu ya kudumu

Deci na Ryan wanaeleza kwamba msukumo hukua mtu anapopata mambo matatu.

(i) Kuchagua. Mtu hudumu katika zoezi alilolichagua. Kama hupendi mbio, kuna mpira wa miguu, netiboli, wavu, kuruka kamba, ngoma. Ngoma ya nusu saa ni zoezi kamili. Muulize yeyote aliyewahi kuicheza mpaka mwisho.

(ii) Kuona unaweza. Anayeanza na zoezi kubwa mno hushindwa na kujiona hafai. Anza na kiasi ambacho una uhakika nacho, halafu ongeza kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

(iii) Kuwa na wenzako. Asubuhi yenye baridi ni vigumu kutoka kitandani kwa ajili yako mwenyewe, lakini ni rahisi zaidi kutoka ukijua kuna rafiki anakusubiri njia panda. Ndiyo maana mchakamchaka, pamoja na kasoro zake, una wimbo mmoja na mwitikio mmoja. Kasoro yake ni kukosa sharti la kwanza, yaani kuchagua.

6.7 Hatua za kupanga mazoezi utakayodumu nayo

Hatua ya 1: Hesabu unachofanya tayari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili za wastani hadi kali, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli kali pamoja na za kuimarisha misuli na mifupa. Kutembea kwa haraka kwenda shule kunahesabika. Kuchota maji na kulima kunahesabika pia. Huenda wewe wa Ringwani unayetembea saa nzima una kiasi kikubwa tayari; kinachokosekana ni zile siku tatu za shughuli kali.

Hatua ya 2: Pima ukali kwa wimbo. Huhitaji saa wala kifaa. Ukiweza kuimba, shughuli ni nyepesi. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, ni ya wastani. Ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, ni kali.

Hatua ya 3: Andika sababu yako kwa sentensi moja. Isiwe "mazoezi ni muhimu kwa afya", hiyo ni sentensi ya kitabu. Andika yako: "Nataka nisisinzie kwenye kipindi cha jioni," au "Nataka nisiishie na presha kama mjomba."

Hatua ya 4: Funga zoezi kwenye jambo unalofanya kila siku. Usiseme "nitafanya mazoezi wiki hii". Sema "nikisharudisha ndoo ya maji jioni, naruka kamba dakika kumi." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha kwamba mpango unaotaja lini na wapi una nafasi kubwa zaidi ya kutekelezwa kuliko nia pekee.

Hatua ya 5: Panga mapema kwa ajili ya vikwazo. Tumia neno "ikiwa": ikiwa mvua itanyesha, nitafanya mazoezi ya viungo ndani, ikiwa ni msimu wa palizi na nimechoka na jembe, siku hiyo jembe ndilo zoezi langu.

Hatua ya 6: Usiache kwa sababu ya siku moja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba jambo jipya lilichukua kwa wastani siku 66 kuwa mazoea, lakini watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Kwa hiyo ukikosa Jumatatu, rudi Jumanne. Usisubiri Jumatatu ijayo.

6.8 Vikwazo na namna ya kuvikabili

(a) "Kidato cha nne sina muda." Wengi huacha mazoezi mitihani inapokaribia, wakati ndio wanayahitaji. Dakika ishirini za mwendo wa haraka kati ya vipindi viwili vya kujisomea huondoa uchovu wa kukaa. Usiibe muda wa kulala. Chukua ule wa kupiga soga.

(b) "Nyumbani wataona ninapoteza muda." Mzazi aliyeamka alfajiri kwenda shamba anayo haki ya kushangaa kuona mtu anakimbia bila kufukuzwa. Usibishane naye. Maliza kazi kwanza, kisha omba kwa adabu: "Baba, shikamoo. Ng'ombe wameshaingia zizini na kuni zipo. Naomba nusu saa ya mazoezi, nitarudi kabla ya giza." Kazi iliyokwisha fanyika hukuombea kuliko maneno.

(c) "Mimi ni msichana, watanicheka." Wasichana wengi huacha michezo wakivunja ungo, kwa sababu ya mavazi, maneno ya watu au wasiwasi wa hedhi. Hedhi si ugonjwa. Mwenye nafuu anaweza kuendelea, na mwenye maumivu apumzike bila kujilaumu. Tafuta wenzako wawili au watatu, chagueni mahali salama na saa yenye mwanga, na mtumieni mwalimu wa kike mnayemwamini akiongee shuleni au kwa wazazi.

(d) "Sina viatu wala uwanja." Kamba na mti wenye kivuli vinatosha kuanza. Ila chagua ardhi isiyo na miiba, na ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja ukamwone mhudumu wa afya.

6.9 Muhtasari

Motisha ni kuanza, kuweka bidii na kudumu. Fimbo na zawadi huweza kuanzisha, lakini mara chache hudumisha. Kinachodumisha ni sababu iliyokuwa yako, zoezi ulilolichagua, kiasi unachokiweza, wenzako, na saa iliyopangwa. Hamu ikija, mshukuru Mungu. Isipokuja, anza bila yake.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya motisha na hamu. (Alama 4)
2. "Mchakamchaka haumfanyi mtu awe mpenda mazoezi." Jadili kauli hii kwa hoja nne. (Alama 12)
3. Kwa kutumia mfano wa Filbert Bayi, eleza hatari ya kutegemea lengo moja. (Alama 6)
4. Andika mpango wako wa mazoezi wa wiki nne kwa kufuata hatua sita za sehemu ya 6.7. (Alama 8)

Mwongozo wa majibu

Swali la 1: Taja kwamba hamu ni hisia ya muda na motisha ni sababu inayoweza kubaki, toa mfano mmoja wa kila moja.

Swali la 2: Neno "jadili" linataka pande zote mbili. Upande mmoja: hulazimishwa, na huishia pale usimamizi unapoishia. Upande wa pili: hujenga pumzi, na huwapa watoto wimbo na wenzao. Malizia kwa msimamo wako, kwa mfano kwamba mchakamchaka ungedumu zaidi kama wanafunzi wangechagua njia, wimbo na kiongozi wao.

Swali la 3: Eleza kususia kwa mwaka 1976, kisha medali ya mwaka 1980 katika mbio tofauti. Usiishie kwenye historia, onyesha funzo.

Swali la 4: Jibu hili halina mwongozo. Liandike nyuma ya daftari lako, si kwenye karatasi ya kukusanywa, kisha lifungue tena Desemba, mtihani ukiwa umekwisha.